Ibn Battuta: Aliondoka kwao na miaka 21, akarudi akapata kaburi

Umewahi kushuka basi la usiku kwa mji usioujua? Kila abiria anapokelewa na mtu wake. Huyu anakumbatiwa na shangazi, yule anapigwa bega na marafiki, na wewe umesimama hapo na begi lako ukijifanya unatafuta kitu mfukoni.

Basi jua hauko peke yako. Karibu miaka 700 iliyopita, kijana mmoja kutoka Morocco alifika Tunis akiwa na homa, amechoka hadi hajiwezi. Watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri aliokuwa nao. Huyu akasalimiwa, yule akasalimiwa. Yeye, hakuna aliyemjua. Akalia. Na hakulia kisiri. Alilia hadi msafiri mwenzake akagundua, akamsogelea, akampigisha stori mpaka wakaingia mjini.

Kijana huyo ndiye Ibn Battuta. Pengine ulimsoma shuleni kwa mistari miwili tu: msafiri maarufu, alifika Mombasa, basi, fungua ukurasa mwingine. Siku hizi uwanja wa ndege wa Tangier, mji aliozaliwa, unaitwa kwa jina lake. Wanaohesabu safari zake wanasema alipita kilomita 100,000, na hakukuwa na gari, treni wala ndege. Kila mtu mwenye begi la mgongoni na chaneli ya video anapenda kumtaja kama babu wa wasafiri wote.

Sawa, babu ni babu. Lakini kuna sehemu ya stori yake ambayo watu huiruka. Ni mara ngapi alibaki bila kitu, ni nani waliomwokota, na ni nani huko nyuma waliolipa bili ya safari yake. Hiyo ndiyo nataka tuongee leo.

Kuondoka nyumbani

Alizaliwa Tangier mwaka wa 1304, katika familia ya wanasheria wa Kiislamu. Yaani njia yake ilikuwa imeshachorwa: soma sheria, kuwa kadhi, oa, zeeka. Juni 1325 akaamua kwenda kuhiji Makka. Alikuwa na miaka 21. Hakuwa na msafara wala rafiki wa kumsindikiza. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai na kuachana kuliwauma, wao na yeye pia. Hajj ni safari ambayo mzazi wa Kiislamu hawezi kumkataza mtoto. Kwa kawaida ungeenda, ungerudi, mwaka mmoja au miwili ingetosha.

Mambo yalianza kuharibika mapema. Akiwa Bijaya, kwenye nchi inayoitwa Algeria leo, homa ilimshika. Wenzake wakamshauri apumzike hadi apone. Akakataa. Kama ni kufa, alitaka afe akiwa njiani kuelekea Makka. Ikabidi auze mnyama wake na mizigo mizito, mwenzake akamwazima mnyama mwingine na hema. Baadaye akawa dhaifu kiasi cha kujifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke. Mvua ikawanyeshea karibu na Constantine, nguo zikalowa matope. Gavana wa mji alipomwona hivyo, akaagiza nguo zifuliwe na akampa kitambaa kipya. Kwenye pembe moja ya kitambaa kulikuwa kumefungwa dinari mbili za dhahabu.

Shika hapo. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza aliyopata safarini, na maisha yake yote yaliyofuata yaliendeshwa hivyo. Ibn Battuta hakuwa tajiri aliyeamua kuzunguka dunia. Alikuwa kijana aliyejua sheria, aliyejua Kiarabu na adabu za dini, na mambo hayo mawili yalimfungulia milango kuanzia Afrika Magharibi hadi Asia. Ukifika mji wa Waislamu, unaenda kwa kadhi au kwa shehe, unajitambulisha, unapewa chakula na pa kulala. Msafara wa mahujaji ulipotoka Tunis, yeye ndiye alifanywa kadhi wake. Kumbuka wiki chache tu zilizopita alikuwa analia hapo hapo.

Njiani akaoa, akakosana na baba mkwe, akaacha, akaoa tena. Usicheke sana. Tutarudi kwa hilo.

Kwetu Pwani

Alifika Makka mwaka wa 1326, na badala ya kurudi nyumbani akaendelea: Iraq, Uajemi, Yemen. Kisha mwaka wa 1331 hivi, upepo wa kaskazi ukiwa umeanza, akapanda chombo Aden kuelekea kusini. Kaskazi ndio ule upepo unaosukuma vyombo kutoka Arabuni hadi kwetu. Kusi ndio huvirudisha. Kwa hivyo ratiba haikuwa yake, ilikuwa ya upepo.

Zeila, Somalia ya leo, ilimshinda. Samaki wengi, ngamia wanachinjwa barabarani, na harufu yake! Bahari ilikuwa imechafuka, lakini aliona afadhali kulala chomboni kuliko kulala mjini.

Mogadishu ilikuwa kinyume kabisa. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikuja kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Unampa mfanyabiashara chakula, anakuwa mgeni wako, na biashara yake inapitia kwako. Walipoambiwa huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, wakampeleka kwa kadhi, na kadhi akampeleka kwa sultani. Siku tatu alikula mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli, juu yake nyama, kuku, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Alishangaa kwamba mtu mmoja wa pale alikula chakula cha kikundi kizima cha watu wa kwao. Ukimwambia mtu wa Pwani leo kuhusu sinia la wali na achari pembeni, ataona hakuna jipya hapo.

Halafu Mombasa. Alilala usiku mmoja tu. Lakini angalia alichokumbuka zaidi ya miaka 20 baadaye: ndizi, ndimu, na tunda tamu lenye kokwa, linalofanana na zeituni. Hilo ni zambarau, bado tunanunua. Aliona kuwa watu wa kisiwa hawalimi nafaka, inaletwa kutoka bara. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na kwenye mlango kuna kisima na kata ya mbao yenye mpini mrefu. Watu walitembea pekupeku, kwa hivyo kila anayeingia aliosha miguu na kuifuta kwenye mkeka. Alituona kama watu wa dini, waaminifu na wema. Kwa mgeni wa usiku mmoja, si haba.

Kutoka hapo akaenda Kilwa, ambayo magofu ya msikiti wake mkuu bado yamesimama kusini mwa Tanzania. Sultani wake, Hassan bin Sulaiman, alikuwa mkarimu hadi watu wakamwita baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia vile maskini mmoja alimsimamisha sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Lakini ni sultani huyo huyo aliyekuwa akivamia watu wa bara na kuteka mali na watumwa. Mkarimu kwa mgeni, jambazi kwa jirani. Msafiri wetu aliona pande zote mbili, na upande wa pili haukumnyima usingizi.

Kazi tamu, bosi hatari

Mwaka wa 1333 alifika India. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alikuwa anatafuta wageni wasomi na analipa vizuri. Ibn Battuta akapata kazi ya ukadhi, ingawa Kiajemi, lugha ya ofisi, kilimpiga chenga. Mshahara ulikuwa dinari 12,000 kwa mwaka. Utafikiri shida zimeisha. Wapi! Aliishi maisha ya juu kuliko mshahara, akanunua zawadi kwa mkopo ili ampendeze bosi, mpaka deni likafika dinari 55,000. Ilibidi sultani mwenyewe amlipie. Kama unamjua mtu anayekopa kwa simu ili aonekane mjini, huyu ni ndugu yake.

Shida ni kwamba mkono uliotoa zawadi ndio uliokata vichwa. Siku moja Ibn Battuta alimtembelea shehe mmoja ambaye baadaye alikosana na sultani. Akawekewa walinzi, na aliyewekewa walinzi namna hiyo kwa kawaida hakutoka hai. Alifunga siku tano, akaomba, akasoma Kurani. Akaachiliwa. Hofu ilimwingia hadi akagawa mali yake yote, akavaa nguo za maskini, akaenda kuishi na mcha Mungu mmoja pangoni.

Lakini barabara ilimwita tena. Mwaka wa 1341 sultani alimtuma kama balozi kwa mfalme wa China, na zawadi za kutisha: farasi 100, vitambaa, upanga, na pia watumwa na wacheza ngoma, watu waliohesabiwa kama vitu.

Hawakufika mbali. Karibu na Aligarh walivamiwa, Ibn Battuta akatekwa, akavuliwa karibu kila kitu. Alipoachiliwa alizurura siku kadhaa peke yake, akijificha, akila majani na matunda ya porini, viatu vimekwisha, miguu imejaa miiba. Alipokuwa amelegea kabisa, akatokea mtu mmoja mweusi akamuuliza jina, naye akajitambulisha kwa jina lenye maana ya Moyo wa Furaha. Mtu huyo alimbeba mgongoni hadi kijiji kilicho salama. Aliposhtuka, mwenyewe hayupo. Ibn Battuta aliamini hadi kufa kwamba yule hakuwa mtu wa kawaida. Mimi naona hata kama alikuwa mtu wa kawaida, inatosha.

Ijumaa ya Calicut

Msafara ulikusanyika tena, ukafika Calicut, pwani ya kusini magharibi ya India. Jahazi kubwa la Kichina likapakiwa zawadi za sultani. Chombo kidogo kikapakia mizigo ya Ibn Battuta mwenyewe, watumwa wake, na kijakazi aliyekuwa na mimba yake. Yeye akabaki nchi kavu ili aswali Ijumaa kwanza. Usiku huo dhoruba ikapiga. Jahazi kubwa likavunjika, watu wakafa, zawadi zikazama. Chombo kidogo, kuona hivyo, kikatweka tanga na kuondoka. Alisimama ufukweni akikiangalia. Kilichobaki mkononi ni dinari kumi na mkeka wa kulalia.

Baadaye alipata habari kwamba yule kijakazi alifariki, na wengine wakachukuliwa na mtawala wa huko mbali walikofika. Katika kusimulia, Ibn Battuta anataja hasara yake. Jina la mama yule hatulipati. Yeye alipotea baharini na tumbo lake kwa sababu mtu aliyemmiliki alitaka kwenda China.

Kurudi Delhi bila zawadi kungekuwa kujipeleka kwa mnyongaji. Akateleza hadi visiwa vya Maldives. Huko alikuta vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mitepe ya kwetu Lamu, na kauri zikitumika kama pesa. Wakamfanya kadhi. Akaoa, akawa na wake wanne kwa pamoja. Akaanza kuwachapa watu wasiokuja swala ya Ijumaa, na akajaribu kuwalazimisha wanawake wafunike kifua. Wanawake wa Maldives walimtazama tu na kuendelea na shughuli zao. Akagombana na wakubwa, akaondoka mwaka wa 1344 baada ya kuwapa wake zake talaka.

Huko Sri Lanka alipanda mlima wenye alama ya mguu inayosemwa ni ya Nabii Adam, akishika minyororo iliyopigiliwa kwenye mwamba. Njiani kulikuwa na ruba wanaokurukia kutoka kwenye nyasi. Watu walibeba malimau ya kuwakamulia wakishika. Aliporudi pwani ya India, maharamia kwa vyombo 12 wakamvua kila kitu: vito alivyopewa na mfalme wa Sri Lanka, nguo, akiba yote. Walimwachia suruali. Aliingia Calicut hivyo, akaenda msikitini, na watu wa pale wakamvisha. Mmoja akatoa nguo, mwingine kilemba.

Kisha akarudi Maldives mara moja kumwona mtoto wa kiume ambaye mmoja wa wake zake alikuwa amemzalia. Mtoto alikuwa mdogo bado. Ibn Battuta akamwangalia, akaona ni heri abaki na mamake, akaondoka baada ya siku chache.

Bili inafika

Sasa rudi nami Damascus. Mwaka wa 1326, akipita huko akielekea Makka, alikuwa ameoa na kumwacha mke akiwa mjamzito. Akiwa India alisikia amezaliwa mvulana, akamtumia babu ya mtoto dinari 40 za dhahabu. Mwaka wa 1348 ndio akarudi Damascus mwenyewe. Kitu cha kwanza alichouliza ni mtoto. Akaambiwa alikufa miaka 12 iliyopita. Akakutana na mtu wa Tangier, akamuulizia wazazi. Babako, akaambiwa, alifariki miaka 15 iliyopita. Mamako yuko hai.

Mwaka huo tauni ilikuwa inafagia miji. Damascus walifunga siku tatu, kisha Waislamu, Wayahudi na Wakristo wakatoka pamoja kuomba, kila mmoja na kitabu chake. Ibn Battuta alipita kati ya maiti mji baada ya mji: Syria, Misri, kote. Ungetarajia akimbie moja kwa moja nyumbani. Alipitia Makka kwanza kuhiji tena. Ni mwaka wa 1349 ndipo alifika Morocco, na akiwa bado hajafika Tangier, akapata habari kuwa tauni imemchukua mamake.

Miaka 24 barabarani. Alipona homa, dhoruba, maharamia na sultani mkali. Akachelewa kwa miezi michache tu. Alienda Tangier kuzuru kaburi.

Mtu angesema basi, atulie sasa. Akaugua miezi mitatu, akapona, akavuka hadi Andalusia, na mwaka wa 1352 akakata Jangwa la Sahara kwenda Mali. Huko alikula uji wa kitu kama kiazi kikuu, yeye na wenzake watano, wote wakaugua na mmoja akafa. Mfalme wa Mali, Mansa Sulayman, alipotuma zawadi ya kumkaribisha, Ibn Battuta alisimama akitarajia mavazi na dhahabu. Zilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka. Katika nchi hiyo hiyo alikuta kauri zinatumika kama pesa, zile zile alizoziona Maldives, upande wa pili wa Afrika na ng'ambo ya bahari. Alirudi Morocco na msafara uliokuwa umebeba wanawake watumwa 600.

Sultani wa Morocco akaagiza asimulie yote, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akayaandika. Walimaliza mwaka wa 1355. Wasomi wanaendelea kubishana kuhusu sehemu kadhaa, hasa China, na kuna kurasa zilizochukuliwa kwa vitabu vya waliomtangulia. Lakini ukurasa wa Mombasa, wenye zambarau na kisima cha mlangoni, ni wa mtu aliyekuwepo. Ibn Battuta alimalizia maisha yake akiwa kadhi, kazi ile ile ambayo angeipata bila kutoka, na akafariki mwaka wa 1368 au 1369.

Kwa hivyo?

Sitakuambia ukae nyumbani. Mimi mwenyewe niliacha chuo, siwezi kumshauri mtu afuate njia iliyochorwa. Kama hangetoka, tusingejua Mombasa ya 1331 ilikuwa inakula nini. Safari yake imetupa kitu.

Lakini tunapomsifu tuhesabu vizuri. Alifika mbali kwa sababu gavana alifunga dinari mbili kwenye kitambaa, kwa sababu vijana wa Mogadishu walikuja na sahani, kwa sababu mtu asiyemjua alimbeba mgongoni, kwa sababu msikiti wa Calicut ulimvisha. Alifika pia kwa sababu watu aliowamiliki walibeba mizigo yake, na wake na watoto walibaki wakingoja. Na mama mmoja huko Tangier alikaa miaka 24 bila kumwona mwanawe.

Yeye hakuwa na namna ya kupiga simu. Habari ya babake ilimfikia miaka 15 baadaye. Wewe uko na namna. Desemba ikifika na umefunga begi, unaenda Kampala, Zanzibar au kwingine kokote nauli itakakokufikisha, nenda. Mwenyeji akikukaribisha, kula. Mgeni akikwama kwenu, mpokee, hata kama amesimama pale steji anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Halafu piga simu nyumbani. Usingoje ufike Damascus.